Kuku Anayeatamia Hasafirishwi

Begi la mama mkwe wangu lilikaa mlangoni tangu siku aliyofika. Si chumbani wala chini ya kitanda: mlangoni, zipu imefungwa, utadhani lenyewe ndilo lenye safari. Asubuhi alilifungua akatoa gauni, jioni akalifua, likikauka akalikunja akalirudisha. Nilimwambia, "Mama, kabati lina nafasi." Akanijibu, "Usijisumbue, mwanangu. Mimi si mtu wa kukaa kwa mkwe. Goti likipona tu, naondoka."

Goti likapona. Hakuniambia, niliona mwenyewe. Alichuchumaa kumwekea kuku wake maji, akakaa hapo akimsemesha, kisha akainuka bila kushika ukuta wala kumtaja Mungu. Nikajisemea moyoni: haya, Jumamosi hii.

Kabla hujaniona katili, nikueleze. Mimi ni fundi cherehani, na katika nyumba yetu chumba kimoja kilikuwa changu cha kazi. Kina dirisha, kina meza ya kukatia, kina msumari wa kutundikia futi. Mama alipokuja na goti lake, kitanda kikaingia, cherehani ikatoka, na mimi nikahamia koridoni. Hebu jaribu kushona sare za shule koridoni. Anayekwenda chooni anapita juu ya kitambaa chako, anayerudi anapita tena, na kila mmoja anasema samahani, kana kwamba samahani inafuta alama ya kiatu kwenye kola nyeupe. Mume wangu, ambaye ni fundi rangi, alipita na matone yake. Kuku naye alipita na mambo yake ya kuku.

Kuku huyo mama alikuja naye ndani ya kapu, kichwa nje, kwa sababu tangu baba mkwe afariki hakuna aliyebaki kule nyumbani wa kuachiwa hata kuku. Nilimpa jina la Mwenyekiti. Alikuwa mnene, alitembea polepole akitazama huku na huku, na ukimpisha hakushukuru.

Basi Jumamosi ikapangwa. Mume wangu akaulizia basi, mama akakunja gauni la mwisho. Ijumaa mchana nikavuta kapu langu la vipande vya nguo nitafute kitambaa cha mfuko, na mkono ukadonolewa.

Mwenyekiti alikuwa humo ndani. Manyoya yamemsimama, jicho moja limenikazia, na kooni anatoa sauti ya mtu anayenung'unika kwenye foleni. Chini yake kulikuwa na mayai, na alikuwa tayari kuyafia.

Nikamwita mama. Akachuchumaa, kwa goti lile lile, akapenyeza mkono chini ya kuku, akautoa, akatangaza kwa sauti ya daktari: "Anaatamia."

"Basi mtoe, mama. Kesho ana safari."

"Kuku anayeatamia hasafirishwi. Utamtikisa njiani, mayai yaharibike, na yeye aharibike akili. Atotoe kwanza, ndipo tuondoke."

"Atotoe lini?"

"Wiki tatu hivi. Si nyingi."

"Wiki tatu si nyingi kabisa," akasema mume wangu nyuma yetu, haraka mno, kisha akaenda kunawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Nikalirudisha kapu mahali pake. Niliamua kimyakimya kwamba kuku yule ataacha kuatamia, atake asitake. Mteja wangu mmoja aliwahi kunieleza kwamba kuku wa namna hiyo ana joto tumboni. Ukimpoza, hamu inamtoka. Nikaanza kazi mama alipokwenda kuoga.

Kwanza nilimbeba nikamtoa uani na kufunika kapu. Nilipogeuka alishaingia kwa mlango mwingine, amekaa kwenye boksi la uzi, anaatamia rola za uzi. Nikafunga boksi. Akaatamia pasi. Pasi ya chuma, baridi, nayo akaikunjulia mbawa kwa mapenzi ambayo mimi sijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote katika nyumba hii. Nikamtia tumbo kwenye beseni la maji. Alikaa mle akinitazama kwa dharau, akajikung'uta usoni mwangu, akakimbia koridoni juu ya kitambaa cheupe cha sare, akafunua kapu kwa mdomo wake na kurudi kwenye mayai. Kati yetu wawili, mimi ndiye niliyelowa zaidi.

Mwisho nikamfungia kwenye tenga, nikalitundika barazani apigwe na upepo kwa chini. Mama akatoka bafuni.

"Nani amemfunga kuku wangu?"

"Anapunga upepo, mama."

Mama akalishusha tenga, akamfungulia kuku. Kutwa nzima hakusema na mimi. Alisema na kuku, na alichosema kilinihusu.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa kinyozi. Kinyozi wa mtaani kwetu anafuga kuku nyuma ya kibanda chake, na jogoo wake huwika wateja wakiwa na wembe shingoni. Ni mtu mwema, ila hana kifua. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni linakusalimia mlangoni. Nikamweleza habari ya Mwenyekiti, nikamwomba anishauri.

"Jogoo mnaye?" akauliza.

"Wa nini? Kuku si anayo mayai?"

Kinyozi akazima mashine. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, akageuka kunitazama. Walicheka hadi nikataka kuondoka. Mimi nimekulia ghorofani; kwetu mayai yalitoka dukani, na hakuna aliyenieleza mambo yao ya ndani.

"Shemeji," akasema kinyozi akijifuta machozi, "mayai hayo ni ya kula. Ataatamia mpaka mnyonyoke nyote, hautatoka hata unyoya. Kama mnataka yaishe, mpe mayai ya kwangu, yenye mbegu ya jogoo. Yatatotoka, atashughulika na watoto, basi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na mayai ya kinyozi kwenye mkoba, na huruma kidogo moyoni. Maskini mama, nilifikiri, umri umemwingia. Mtu aliyefuga kuku maisha yake yote amesahau habari ya jogoo! Nikangoja Mwenyekiti atoke kunywa maji, nikatoa yale ya bure, nikaweka ya kinyozi. Kinyozi alikuwa ameniambia niyatie alama ili nione kama kuku anayageuza, kwa hiyo kila yai nikalichora msalaba kwa chaki yangu ya bluu, ile ya kuchorea vitambaa.

Mama aliiona misalaba jioni ile. Alishika yai moja, akalitazama muda mrefu kuliko yai linavyostahili, akalirudisha.

"Ni alama tu, mama," nikasema. "Nione kama anayageuza."

"Vizuri," akasema. "Wewe ni mtu wa mpango."

Asubuhi iliyofuata mume wangu alifanya kioja: aliamka kabla yetu akakaanga mayai. Mwanamume ambaye tangu tuoane hajui kiberiti kinakaa wapi! Alitupakulia na vitunguu, akatusimamia tule. Nilimsifu mbele ya mama yake, nikaongeza sahani ya pili.

Siku zikaenda. Kwa vile nilijua mwisho upo njiani, roho ilitulia, na roho ikitulia jicho nalo huona. Niliona, kwa mfano, kwamba vifungo nilivyokuwa nikiviacha mpaka mwisho wa wiki vilikuwa vimeshashonwa. Mama alikuwa amevuta kigoda koridoni, mguu mmoja upande wa kapu la kuku, na sindano mkononi. Sikumwomba. Alishona vifungo vikashika hasa; ukitaka kukitoa, utatoka na shati.

Sikusema ahsante, maana siku hiyo hiyo nilimkuta ameufumua upindo wa sketi niliyoimaliza.

"Mama! Hiyo ilishakwisha!"

"Ilikwisha kupinda," akasema. "Itazame."

Niliitazama. Ilikuwa imepinda. Nilikasirika mpaka jioni, hasa kwa sababu hiyo.

Halafu kulikuwa na yule mteja wangu, karani, ambaye huleta kitambaa leo na kutaka gauni jana. Miaka yote ananisimamia kichwani akitazama saa, na mimi nacheka kicheko cha kijinga na kukesha. Safari hii alimkuta mama kwenye kigoda.

"Gauni langu tayari?"

"Umekileta kitambaa lini?" mama akamuuliza.

"Jana."

"Nguo inashonwa, binti yangu, haichemshwi. Njoo Alhamisi. Na usikanyage hapo, unapita juu ya mkono wa mtu."

Karani akarudi nyuma, akasema samahani, na kwa mara ya kwanza samahani ile ilikuwa ya kweli. Akaja Alhamisi. Niliinama kwenye cherehani kuficha uso, nikashona mshono mrefu kuliko unaohitajika, nikicheka peke yangu.

Baada ya wiki hivi nikakumbuka neno jingine la kinyozi: mulika yai kwa tochi, utaona mishipa. Mchana mmoja mama akiwa uani, nikachukua yai moja, nikaingia chini ya meza ya kukatia, nikajifunika kitambaa kizito nipate giza. Nikamulika. Hakuna mishipa. Giza tupu. Nikafurahi, nikidhani kifaranga kimeshajaa mle ndani. Nikalipapasa yai kwa kidole gumba kwa upendo.

Msalaba haukufutika.

Nikausugua. Chaki yangu mimi naijua. Ukiipulizia tu inaondoka. Huu ulikuwa umeng'ang'ania, tena unang'aa. Nikanusa yai. Lilinuka kama milango ya shule iliyopakwa rangi.

Nilitoka chini ya meza na kitambaa kikiwa bado kichwani, nikaligonga yai kwenye ukingo wa cherehani. Halikumwagika. Lilikuwa limechemshwa, likachemka likaiva vizuri.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimsubiri jikoni, nimelishika yai mbele ya uso wake.

"Hiki ni nini?" nikanong'ona.

"Yai."

"Nani amelipaka rangi?"

Alitazama sakafu, akatazama kucha zake zenye bluu, akaona hakuna pa kukimbilia. "Chaki haishiki vizuri kwenye yai," akasema. Hata kwenye kesi, fundi ni fundi. "Nilijaribu, ikawa inafutika. Nikaona bora rangi ya mafuta."

"Na ya kinyozi yako wapi?"

Akaanza kunawa mikono.

"Nakuuliza, ya kinyozi yako wapi?"

"Uliyala," akasema. "Ukaongeza."

Kinyozi, kumbe, alimpongeza kwa vifaranga vijavyo siku ile ile niliyoyachukua mayai, akimnyoa. Mume wangu akaelewa mara moja nia yangu. Akanunua mayai dukani, na kwa kuwa naye hakujua habari za jogoo zaidi yangu, akayachemsha ili awe na uhakika. Aliyasema haya yote kwa kunong'ona, macho yamemlowa. "Nikimwambia mama akae, atasema yeye si mtu wa kukaa kwa mkwe. Nikikwambia wewe, utasema cherehani iko koridoni. Nikaona nimwachie kuku."

Nilikuwa nimefungua mdomo nimpe lake, na lilikuwa refu, mama alipoingia. Akalichukua yai mkononi mwangu, akalimenya, akalinusa.

"Yote yako hivi?"

"Yote, mama," akasema mwanawe.

"Basi kuku hana anachoatamia." Akaliweka yai mezani taratibu. "Kesho tunaweza kusafiri."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alipita koridoni, akaruka kitambaa changu bila kukikanyaga, akalibeba begi kutoka mlangoni mpaka chumbani. Tukasikia zipu.

Chumba hicho nilikuwa nimekiota kwa muda mrefu. Nilishapanga mpaka cherehani itazame upande gani wa dirisha. Sasa nilisimama jikoni na mume wangu, tunasikiliza zipu, na nafsi yangu ikaniuliza ni nani atakayemwambia karani aje Alhamisi. Nikaona kigoda pale koridoni, kitupu, na sindano imechomekwa kwenye shati ambalo halijamalizika vifungo. Nilihisi vibaya, vibaya kabisa. Ndipo wazo likanijia kama kofi: mwanamke yule amefuga kuku tangu hajaolewa.

Nikaingia bila kubisha.

"Mama. Yale mayai ya kwanza. Ulijua hayana jogoo."

Alikuwa ameketi kitandani, begi mapajani.

"Kuku wangu hajaona jogoo tangu tuingie mjini," akasema. "Unadhani sijui? Nilijua hayatatotoka. Nikasema, yakikataa, nitasema tungoje mengine. Kule nyumbani, mwanangu, nikipika, chakula kinapoa nikiwa bado natafuta wa kumwita." Akaipapasa zipu. "Halafu nikaona mayai yamebadilika rangi, yamekuwa ya kinyozi. Nikasema haya, nimefukuzwa kwa adabu."

"Na bado ukanishonea vifungo?"

"Vifungo vina kosa gani?"

Ndani ya nyumba ile, basi, mkweli alikuwa kuku peke yake. Mama alimdanganya kwa mayai yasiyo na kitu, mimi nikamdanganya kwa mayai ya watu, mume wangu akamdanganya kwa mayai yaliyoiva, naye akayaatamia yote kwa moyo mmoja.

"Mama, usiondoke," nikasema.

"Sitaki kukaa kwa kuhurumiwa."

"Nani anakuhurumia? Mimi umenichosha! Umenichukulia chumba, umenifumulia sketi, umenisengenya kwa kuku nikiwa nimekaa hapo hapo nasikia." Sauti ilianza kunikatika nikaiacha ikatike. "Lakini sketi ilikuwa imepinda. Na nyumba hii ukitoka, mimi nitarudi kucheka kicheko cha kijinga. Nataka ukae. Ila ukikaa, kaa sawasawa. Sitaki tena kuona begi mlangoni. Kila nikilipita naona kama nakunyima kitu."

Mama alinitazama muda mrefu, kama alivyolitazama lile yai.

"Na cherehani?"

"Irudi humu humu. Kitanda kisogee ukutani. Tutabanana."

"Mimi nakoroma."

"Cherehani nayo inakoroma."

Hakusema ndiyo. Alisema tu kwamba amechoka, anataka kulala. Nilitoka nikiwa sijui nimeshinda au nimeshindwa, na mume wangu aliyekuwa ameweka sikio mlangoni akaanguka ndani nilipoufungua.

Asubuhi, mume wangu akiwa ameshakwenda kazini bila kuthubutu kuuliza, mama alinikuta nachora kola. Amejifunga kitambaa kichwani. Nikajua ni safari.

"Twende kwa huyo kinyozi," akasema. "Safari hii nachagua mwenyewe."

Tukaenda. Aliyanusa mayai, akayatikisa sikioni, akamkagua jogoo mbele na nyuma huku mteja kitini akisubiri na povu shavuni. Kinyozi alitaka kusema neno, mama akamwambia, "Wewe funga mdomo, unyoe," naye akanyoa.

Nyumbani nikavuta kapu langu la vipande. Mama akatikisa kichwa. "Hilo ni la kazi. Tena ni dogo, vifaranga vitamiminika." Akaingia chumbani. Nikasikia zipu, nikaliachia kapu. Akatoka ameshika begi kwa mpini mmoja, jepesi, linaning'inia. Magauni yote yalikuwa begani kwake.

"Nipishe kwenye hilo kabati," akasema.

Jioni mume wangu aliingia, na kitu cha kwanza alichotazama, kama kila siku, kilikuwa ile sehemu ya mlangoni. Hapakuwa na kitu, ila alama ya vumbi ya pembe nne. Nilimwona rangi ikimtoka. Akaacha ndoo na brashi zake pale pale.

"Ameondoka?" akauliza. "Hata hakuniaga?"

Sikuweza kujibu, nilikuwa na pini mdomoni. Nikanyoosha mkasi nikamwonyesha kona ya korido. Begi lilikuwa wazi, limetandikwa vipande vya sare, na Mwenyekiti amejaa ndani yake mpaka kwenye zipu. Mume wangu akajongea, akapiga magoti, akanyoosha kidole. Kikadonolewa. Akakaa chini sakafuni, juu ya kitambaa changu cheupe, na suruali yake ya rangi, akalia.

Mimi nilimwacha tu, ingawa doa lile halijatoka mpaka leo. Mama ndiye aliyepaza sauti kutoka chumbani, katikati ya mlio wa cherehani iliyokuwa imerudi humo, na ambayo sikumruhusu kuigusa:

"Mwanangu, umerudi? Funga mlango basi, kuku anaatamia."